Milimita Nne za Agari

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani na ndafu aliyeungua upande mmoja. Nilishukuru kwa vyote. Kisha mshereheshaji, kijana wa manunuzi ambaye hajawahi kukanyaga maabara isipokuwa kuja kuazima viti, akashika kipaza sauti akasema, "Mama Anaeli, miaka yote hiyo, hajawahi kutoa jibu la uongo hata moja!" Mkapiga makofi. Mkapiga na vigelegele. Mimi nikaitazama sahani yangu ya pilau, hasira ikanipanda.

Ndiyo maana naandika. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini, hayo yako kwenye faili, na faili lile nalo lina uongo wake. Nawaandikia nyie mnaobaki kwenye chumba cha bakteria, nyie mnaoweka sampuli kwenye mashine kisha mkachezea simu mpaka iteme jibu. Mkiudhika, mtaudhika pamoja na mimi.

Nilianza kazi nikiwa binti mwembamba kutoka mlimani, Kimeru kingi mdomoni kuliko Kiswahili, na Kiingereza cha kwenye cheti tu. Nilikabidhiwa kwa Mzee Mbise, fundi wa maabara ambaye asubuhi kabla ya kazi alikuwa ameshapalilia kahawa zake. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mzee," huku nimeshika sahani ya kuoteshea bakteria, kifuniko nimeshafungua. Hakuitika. Aliichukua ile sahani mikononi mwangu, akaitupa kwenye ndoo ya taka, ndipo akasema, "Marahaba. Ukiongea juu ya sahani iliyo wazi unapanda mate, binti. Kesho utaniletea mate yako uniambie ni ugonjwa wa mtu." Wiki tatu nzima niliosha vyombo. Nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Najua mtawaonyesha waume na wake zenu maandishi haya, kwa hiyo niieleze kazi kwa wasioijua. Usaha au mkojo wa mgonjwa unaoteshwa kwenye sahani yenye agari, kitu kama uji ulioganda. Bakteria akishaota, unampaka juu ya sahani nyingine, halafu unapanga juu yake vijikaratasi vya mviringo vilivyolowekwa dawa, kila kimoja na dawa yake. Unaviacha kwenye joto mpaka kesho. Dawa inasambaa taratibu ndani ya agari, na kama inamuua yule bakteria, unakuta duara tupu kuzunguka kijikaratasi. Unachukua rula unapima. Duara likiwa pana vya kutosha unaandika S, dawa hii inamuua, mpe mgonjwa. Likiwa finyu unaandika R, amekuwa sugu, dawa hii usithubutu. Mtu yuko kitandani na homa yake, anasubiri herufi moja.

Mambo mawili Mzee Mbise hakuyafanyia utani. La kwanza ni unene wa agari. Alimwaga kwa kipimo, mililita ishirini na tano kila sahani, na bado alichagua sahani moja katika kila mwago, akaikata katikati na kuisimamishia rula. Milimita nne. Ikiwa tatu, alitupa mwago wote. Nilipomuuliza kulikoni kupoteza mali ya serikali namna ile, alichukua kikombe cha maji akamimina nusu kwenye sinia na nusu kwenye bakuli. Kwenye sinia maji yalikimbilia pembeni. "Dawa nayo ni hivyo hivyo," akasema. "Agari ikiwa nyembamba, dawa haina pa kushuka, inakimbilia pembeni. Duara linakuwa kubwa. Utaandika S na bakteria anakucheka."

La pili alikuwa shahidi. Hilo ndilo jina alilompa yule bakteria maalumu tunayemtunza kwenye friza, ambaye duara lake kwa kila dawa linajulikana tangu zamani. Kila wiki unampima yeye pia. Akitoa duara lake lile lile, sahani zako ni nzima na vijikaratasi ni vizima. Akitoa jingine, kuna kitu kimeharibika, na hakuna jibu linalotoka nje ya mlango mpaka ukipate. "Bila shahidi," alizoea kusema, "wewe ni mpiga ramli mwenye koti jeupe."

Miaka ikaenda. Niliposhika rula mara ya kwanza, R ilikuwa kitu cha kuitana. "Njooni muone!" Tulijazana kwenye dirisha lenye mwanga kama watu wanaotazama mtoto mchanga. Siku hizi S ndiyo ya kuitana. Na msiniambie ni mapenzi ya Mungu. Nimeona kwa macho yangu kwenye duka la dawa mtaa wa Kwa Mrombo mama ananunua vidonge vinne vya dawa ya siku saba, na muuzaji anamhesabia kwa mkono uliotoka kushika chipsi. Nimeona wafugaji wanaweka kwenye maji ya kuku dawa ile ile ninayoiandika kwenye cheti cha mtu, eti kuku wasinyong'onyee. Na madaktari wetu! Anaandika sindano kali kuliko zote leo, usaha anauleta keshokutwa, bakteria ameshaonja dawa, haoti, kisha nasikia korido nzima kwamba maabara haioteshi kitu. Nimegombana na watu hao wote. Kumbukeni hilo, maana ninayemgombeza sasa hivi ni mwingine.

Mzee Mbise alikuwa ameshastaafu, na ameshazikwa kwenye kahawa zake, mwaka ule poda ya kutengenezea agari ilipoadimika. Tulibaki na kopo moja na nusu. Mkuu wa maabara wa wakati huo, jina lake nalihifadhi kwa sababu ana wajukuu wanaosoma, alituita akasema, "Mwageni kumi na tano. Tukibana, itatufikisha mpaka mzigo mwingine uje."

"Kumi na tano ni nyembamba, Mkuu," nikasema.

"Mama Anaeli, wewe una poda kwenye pochi yako?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nataka mlijue hilo, nilicheka. Nilikuwa mkubwa kuliko wote mle ndani baada yake, mwanafunzi wa Mzee Mbise, nilijua habari za sinia na bakuli, nikacheka kama mjinga na kwenda kumwaga kumi na tano.

Wiki hiyo hiyo umeme ulikatika siku nzima na nusu na jenereta likagoma. Friza likayeyuka. Nilipomwotesha shahidi akaota mchanganyiko wa vitu visivyoeleweka. Nikamtupa, tukaandika barua Dar es Salaam kuomba mwingine, tukasubiri. Sasa kuna lile daftari la shahidi, mnalijua, lenye safu ambayo wakaguzi hawataki kuiona wazi. Mkuu akaniambia, "Weka tarakimu, mama, wasije wakatusumbua. Shahidi wako habadiliki miaka yote." Nikafungua ukurasa wa mwezi uliopita. Dawa ya sindano, seftriaksoni, milimita thelathini na mbili. Thelathini na moja. Thelathini na mbili. Nikanakili, wiki ya kwanza, wiki ya pili, wiki ya tatu, mpaka ya sita, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule ya misheni. Shahidi hakuwepo, na mimi nikaandika ushahidi wake.

Katikati ya wiki hizo akaja Nashipai. Sikumjua yeye, nilijua usaha wake. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji, kidonda kikaoza. Niliyemjua ni mama mkwe wake, bibi wa Kiarusha kutoka Nduruma mwenye shuka ya bluu, aliyekuja dirishani kila asubuhi.

"Wameota?"

"Bado, bibi. Njoo kesho."

"Hii ni siku ya tatu. Mbona maharage yangu yangekuwa yameshachungulia?" Alikuwa anatania, lakini macho hayakutania. "Mtoto analia, sisi tunampa maziwa ya kopo. Mama yake anamtaka na hana nguvu ya kumshika. Fanya haraka, mwanangu."

Siku ya nne nilipima. Seftriaksoni, milimita ishirini na nne. Mpaka wa S ni ishirini na tatu. Nikaandika S, nikasaini, nikampa bibi karatasi mkononi badala ya kuipeleka wodini kwa daftari, kwa sababu nilimhurumia. Aliishika kwa mikono miwili. Alinibariki kwa Kimaasai, akanitemea mate kidogo kwenye kiganja kama wanavyobariki wao, na mimi nikajisikia mtu mwema siku nzima.

Siku tisa baadaye kifurushi kutoka Dar es Salaam kikafika kwa basi. Shahidi mpya. Nikampima kwenye sahani zetu zile zile. Asubuhi nikaweka rula kwenye seftriaksoni, nikadhani nimeiweka vibaya. Nikaweka tena. Thelathini na nane. Hata hakukaribia mahali pake. Niliichukua ile sahani nikaikata katikati kwa kisu, nikasimamisha rula. Milimita mbili na kitu.

Sikuhitaji kuambiwa. Nilimwaga sahani mpya za mililita ishirini na tano, shahidi akarudi thelathini na mbili kama mtu aliyefika kwake. Bakteria wa Nashipai bado nilikuwa naye kwenye jokofu. Nikampima upya. Ishirini. Ishirini tu! Kwenye agari iliyonyooka hakufika S. Dawa ambayo ingemuua ilikuwepo, amikasini, duara lake pana unaliona bila rula. Nikaandika karatasi mpya, nikakimbia wodini na slipasi za maabara. Muuguzi wa zamu, mwanamke ninayemheshimu, akanitazama kwanza miguuni.

"Nashipai? Yule wa Nduruma? Amefariki juzi, mama. Maiti wamechukua leo asubuhi. Wanazika kesho."

Nilirudi maabara na daftari la majibu nikalipekua. Wale ambao duara lao lilikuwa mbali na mpaka hawakunitisha. Niliwatafuta wa mpakani, wale ambao milimita tatu au nne zingewageuza kutoka R kuwa S. Walikuwa kumi na tisa. Nikamwandikia Mkuu majina yote kwa kalamu nyekundu, nikamwekea mezani.

Alisoma taratibu. Alivua miwani. "Sasa tumeshajua kosa. Kuanzia leo tunamwaga ishirini na tano."

"Na hawa?"

"Mama Anaeli, maji yakimwagika hayazoleki. Ukianza kurudisha majibu, kesho ni daktari gani atayasoma majibu yetu? Wengi wao wameshapona, wengine..." Akaikunja ile karatasi. "Funika kombe, mwanaharamu apite."

Nilipaswa kupiga kelele. Sikupiga. Nilitoka, nikafunga mlango wake polepole, yaani nilimfungia mlango kwa adabu! Nyumbani niliandika tena majina yale kumi na tisa na mitaa yao kwa kichwa, kwa sababu majina ya namna hiyo hayatoki, nikayakunja na karatasi ya Nashipai, nikayatia kwenye pochi. Nikajiambia nitakwenda Nduruma kuzika, na kwamba hilo litatosha. Uoga ni hodari wa kupanga ratiba.

Msibani walinipokea kama mgeni rasmi. Nilikuwa nimesema neno moja tu, kwamba natoka hospitali, maabara. Bibi wa shuka ya bluu aliposikia akanijia mwenyewe, akanishika mkono, akawaambia wanawake wenzake kwa Kimaasai kwamba huyu ndiye, ndiye yule wa dirishani. Wakanipisha kiti cha mbele, chini ya turubai, jirani na wafiwa. Mtoto alikuwa mgongoni mwa binti mmoja, amelala.

Mzee wa kanisa akasimama kusoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa, alibatizwa, alipata kipaimara, aliolewa. Nilikuwa nasikiliza kwa utulivu kabisa, kisha akasoma, "Baada ya kujifungua marehemu alipatwa na maradhi. Familia inaishukuru sana hospitali. Vipimo vyote vilifanyika, na dawa inayofaa ilipatikana, naye akapewa mpaka siku ya mwisho. Lakini Bwana alimpenda zaidi." Watu wakaitikia amina. Mwanamke aliyekaa jirani yangu akanipapasa goti kunishukuru.

Jamani. Nimetukanwa katika kazi hii. Nimemwagiwa mkojo wa sampuli na mgonjwa aliyechoka kusubiri. Hakuna lililonichoma kama mkono ule kwenye goti. Bwana hakuhusika! Bwana alikuwa ameweka amikasini kwenye duka la dawa mjini, chupa zimepangwa rafuni. Sisi ndio tuliobana poda.

Baada ya mazishi nilimtafuta mume wake, Lomayani, kijana asiyefika hata miaka thelathini. Nilimkuta nyuma ya zizi, amesimama peke yake, watu wamemwacha apumue.

"Shikamoo mama. Ahsante kwa kuja."

"Marahaba, baba. Usinishukuru." Nikatoa karatasi. Pochi ikaanguka, nikaiacha chini, nikamsomea badala ya kumpa. Nikamwambia kila kitu: agari nyembamba, daftari nililonakili, herufi niliyoandika, na herufi niliyopaswa kuandika. Nilisema ile sindano aliyochomwa siku zile zote ilikuwa sawa na maji. Nilisema ilikuwepo nyingine.

Ng'ombe mmoja alikuwa anajikuna kwenye mti wa zizi, tukawa tunamtazama wote wawili.

"Kwa hiyo angepona."

"Sijui, baba. Angekuwa na nafasi. Sisi tulimnyima."

Akapangusa uso kwa kiganja. Nilikuwa tayari anipige. Nadhani nilikwenda Nduruma kutafuta kupigwa, nipigwe niondoke nikiwa nimelipa. Badala yake akauliza, "Hayo masahani, ulipima ya Nashipai peke yake?"

"Hapana. Wako wengine."

"Wangapi?"

"Kumi na wanane, ukimtoa yeye."

"Wameambiwa?"

Nikainamisha macho kwenye karatasi. Alinitazama mara ya kwanza usoni, na sasa nikaiona hasira yake ilivyo, na wallahi yangu ni cha mtoto.

"Hawajaambiwa," akasema. "Wako hai, wanameza hayo madawa yenu, na wewe umekaa hapa kwangu unakula wali?" Akanirudishia pochi yangu niliyokuwa nimeiangusha. "Mimi wangu nimeshamzika. Inuka uende."

Nilipata bodaboda mpaka barabara kuu. Jina la pili kwenye orodha lilikuwa la mtoto wa miaka mitatu, sampuli ya mkojo, mtaa wa Levolosi, na dawa ya maji ambayo mimi nilikuwa nimeiwekea S. Nilifika jua halijazama. Niliulizia kwa muuza mkaa, kwa fundi cherehani, kwa watoto waliokuwa wanacheza, nikaelekezwa kwenye nyumba ya vyumba sita, mlango wa tatu. Ulikuwa wazi. Mtoto alikuwa amekaa kwenye godoro, midomo imekauka, macho mekundu ya homa. Mama yake, binti mdogo mwenye kanga mbili, alikuwa amepiga magoti mbele yake na chupa mkono mmoja, kijiko kimejaa mkono mwingine, anambembeleza, "Fungua, mama, hii ndiyo itakayokuponya, hospitali wameipima."

Nikasema, "Usimpe hiyo."

Aligeuka, kijiko bado kiko hewani.

"Kwani wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyesaini hayo majibu."